Dizeli ya Hoteli za Palma: Nani Apunguze Moshi, na Nani Alipe?



Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na mambo ya kiwandani na shambani: mishahara inayochelewa, zamu za usiku, mashine ya korona isiyo na kinga, kibarua wa miaka sita asiye na barua ya ajira. Safari hii tunakwenda hotelini. Msifungue ukurasa mwingine. Mwenzetu anayetandika vitanda vya wageni huko Palma ni mfanyakazi kama wewe unayekata mkonge au kubangua korosho, na jambo linalomkabili yeye leo litabisha hodi kwako kesho, kama halijabisha tayari.

Jambo lenyewe ni hili. Wenye hoteli duniani wanaambiwa wapunguze hewa ya ukaa, ile hewa isiyoonekana inayotoka tunapochoma dizeli, makaa na gesi, na ambayo ikijazana angani huzuia joto la dunia lisitoke. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba utalii wote, pamoja na ndege zake, vyakula vyake na hoteli zake, unatoa karibu asilimia 8 ya hewa hizo duniani. Hoteli peke yake hukadiriwa kuwa karibu asilimia 1. Imekadiriwa kwamba hoteli zinahitaji kupunguza hewa hiyo kwa asilimia 66 kwa kila chumba ifikapo mwaka 2030, na asilimia 90 ifikapo mwaka 2050.

Hakuna mwenye akili atakayepinga kupunguza moshi. Sisi watu wa pwani ya Cabo Delgado tumekwisha kuona tunavyolipia joto hilo. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga mkoa wetu, wiki sita tu baada ya Idai kuipiga Beira, jambo ambalo wazee hawakupata kuliona katika msimu mmoja. Tarehe 15 Desemba 2024 kikaja Chido, kikaangusha nyumba za Mecúfi. Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa mwaka 2019 kwamba ifikapo mwaka 2030 joto litakula asilimia 2.2 ya saa zote za kazi ulimwenguni, sawa na kupoteza kazi milioni 80 za kutwa nzima. Saa hizo hazitapotea kwa meneja aliyekaa kwenye kiyoyozi. Zitapotea kwa anayepasua mawe, anayepalilia, na anayesimama mbele ya jiko.

Kwa hiyo swali letu chamani ni nani anapunguza, anapunguza nini, na faida inaingia mfuko wa nani.

PALMA YA HOTELI

Kwa wasioijua, Palma ni mji mdogo kwenye ghuba ya Tungi, karibu na mto Ruvuma. Wareno waliiteka ghuba hiyo mwaka 1887 kutoka mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Watu wake wanasema Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na kazi yao ya asili ni uvuvi, minazi na kilimo. Mji huo haukuwa na haja ya hoteli kubwa. Mgeni alilala kwa jamaa.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 2010, gesi ilipogunduliwa baharini katika bonde la Ruvuma. Wakaja wapimaji, wakaja makontrakta, wakaja madereva na mafundi wa kila taifa, na wote walitaka pa kulala. Nyumba za wageni zikaota kama uyoga. Watu wa vijiji vya Afungi, kama Quitupo, walihamishwa kwenda Quitunda ili kupisha kiwanda. Vijana wengi ambao baba zao walikuwa wavuvi wakawa wahudumu wa vyumba, walinzi, madobi na wasaidizi wa jikoni. Ukitaka kujua tabaka la wafanyakazi linavyozaliwa, ungekuja Palma miaka hiyo.

Halafu ikaja vita. Ilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na tarehe 24 Machi 2021 ikaufikia mji wa Palma. Watu karibu 200 walijificha katika Hoteli Amarula, na waliotoka kwa msafara wa magari walishambuliwa njiani. Wengi wa ndugu zetu waliokuwa wakifanya kazi za hoteli na makontrakta walikimbia kwa miguu na kwa mashua, bila mshahara wa mwezi huo. Aprili 2021 TotalEnergies ilitangaza kusimamisha mradi. Novemba 2025 ikatangaza kuondoa zuio hilo, na Januari 2026 ikatangazwa kwamba kazi inaanza tena. Maana yake kwa ukurasa huu ni kwamba vitanda vinatakiwa tena, na watandikaji wa vitanda wanatakiwa tena. Hoteli inayojengwa au kufunguliwa upya ndiyo hoteli inayoweza kupangwa vizuri, kabla saruji haijakauka.

JENERETA INAKULA MSHAHARA WAKO

Tuanze na mlaji mkubwa. Katika mji kama Palma mlaji huyo ana mlango wake mwenyewe nyuma ya jiko: jenereta.

Nchi yetu ina bwawa la Cahora Bassa lenye uwezo wa megawati 2,075. Umeme wa maji hautoi moshi wa dizeli. Sehemu kubwa ya umeme huo inauzwa Afrika Kusini, na unaobaki unasafiri mbali mno kabla ya kutufikia sisi tulio kaskazini kabisa. Mwaka 2020 kituo cha umeme cha Auasse kilipoharibiwa katika vita, wilaya za kaskazini zilikaa gizani kwa muda mrefu. Mwenye hoteli alikuwa na njia mbili: mshumaa au dizeli.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Wengine watashangaa lita yenye uzito usiofika kilo moja itoeje kilo mbili na zaidi. Sababu ni kwamba kaboni ya mafuta inashikana na hewa tunayovuta, na uzito wa hewa hiyo nao unaingia kwenye jumla. Chukua mfano wa nyumba ya wageni ya vyumba 20, yenye jenereta inayokula lita 10 kwa saa, ikiwaka saa 12 za usiku. Hizo ni lita 120 kwa usiku, lita 3,600 kwa mwezi. Hewa ya ukaa inayotoka ni karibu tani 9.7 kila mwezi. Chukua bei ya lita moja katika kituo cha mafuta cha kwenu, uzidishe kwa 3,600, halafu ulinganishe na jumla ya mishahara ya madobi na wahudumu wote wa nyumba ile. Hesabu hiyo nimeifanya na wanachama katika semina zaidi ya moja, kwa chaki ukutani, na kila mara chumba hunyamaza kimya.

Mafundi wa jenereta wanajua jambo ambalo wakubwa wengi hawalijui. Jenereta kubwa inayobeba mzigo mdogo ni hasara tupu. Ikiwa inabeba chini ya theluthi moja ya uwezo wake, mafuta hayaungui sawasawa, injini inajaa masizi, na kila taa inayowaka inagharimu mara nyingi zaidi ya inavyostahili. Ndivyo ilivyo katika hoteli nyingi baada ya saa sita za usiku: wageni wamelala, jikoni kumefungwa, na dude la kuwasha kijiji kizima linaunguruma kwa ajili ya friji tatu na taa za uani. Jenereta ndogo ya usiku, au betri zinazochajiwa na jua mchana, ingefanya kazi hiyo. Ajabu ya mambo, Balama, katika mkoa wetu huu huu, inachimbwa grafati inayokwenda kutengenezea betri nchi za nje. Inaondoka kwa tani, inarudi kwa bei ya dhahabu.

Ndugu zetu wa Zanzibar walipata funzo kali zaidi. Unguja inapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania bara. Desemba 2009 waya ule uliharibika, na kisiwa kizima kikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Hoteli zenye uwezo ziliwasha majenereta usiku na mchana, na ndogo zilipata hasara au kufunga. Baadaye, mwaka 2013, ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100. Lakini kuna kisiwa kidogo karibu na Unguja, Chumbe, ambacho kilitangazwa hifadhi mwaka 1994, ambako nyumba saba za wageni zilijengwa tangu mwanzo kila moja ikiwa na umeme wake wa jua na tangi lake la maji ya mvua, na vyoo visivyohitaji maji ya kuvuta. Walinzi wa matumbawe walitafutwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Kisiwa ambacho hakikutegemea waya hakina cha kupoteza waya unapokatika. Nyumba saba si hoteli ya vyumba mia mbili, na bei za Chumbe si za mtu kama mimi. Ila jambo limefanyika hapa pwani yetu, kwa jua letu na mvua yetu, kwa hiyo meneja akikuambia haiwezekani, muulize kama amefika Zanzibar.

GESI ILIYOMO NDANI YA KIYOYOZI

Hapa napenda tukae kidogo, maana hili halisemwi, na mwenye kuumia nalo ni fundi.

Ndani ya kila kiyoyozi na kila friji mna gesi ya kupozea. Gesi za zamani zilikuwa zikitoboa utando wa ozoni unaotukinga na miale mikali ya jua, ndiyo maana mataifa yakafanya mapatano ya Montreal mwaka 1987 kuziondoa. Zilizokuja badala yake haziharibu utando huo, lakini nyingi zina ubaya mwingine: zikivuja zinapasha dunia joto kuliko hewa ya ukaa mara elfu na zaidi. Ile iitwayo R410A, iliyomo katika viyoyozi vingi vya ukutani, kilo yake moja ikivuja ni sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hubeba karibu kilo moja. Yaani fundi akiambiwa afungue bomba na kuiachia gesi hewani ili amalize kazi upesi, katika dakika chache imetoka hasara sawa na kuchoma zaidi ya lita 700 za dizeli.

Mimi nimewahi kufanya kazi katika hoteli moja ya pwani, jina lake siliandiki, ambako mafundi wawili walihudumia viyoyozi zaidi ya sitini bila kifaa cha kunyonyea gesi na bila miwani wala glovu. Kila kiyoyozi kilichovuja kilijazwa tu, mwezi baada ya mwezi, kama ndoo iliyotoboka. Ripoti ya hoteli ile ilijisifu kwa kubadilisha balbu.

Mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza gesi hizi hatua kwa hatua, na mapatano hayo yakaanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Gesi mpya zinaingia sokoni. Moja ni propani, R290, ambayo madhara yake kwa joto la dunia ni madogo sana. Lakini propani inawaka moto! Fundi asiyefundishwa akiishika na sigara mdomoni, au akiijaza katika chumba kisicho na dirisha, atawaacha watoto wake yatima. Hapo ndipo chama kinapoingia. Mwajiri akileta mashine mpya, alete na mafunzo, vifaa na cheti, na cheti kiandikwe jina la fundi, kiwe mali yake hata akiondoka. Mafunzo yasikatwe katika mshahara.

Na kabla ya gesi, usafi. Chujio la kiyoyozi lililojaa vumbi na chumvi ya bahari linaifanya mashine ihangaike na kula umeme zaidi. Kulisafisha ni kazi ya robo saa. Lakini ni robo saa ya nani? Nimeona hoteli ikiiongeza kazi hiyo juu ya mhudumu wa vyumba ambaye tayari ana vyumba 14 kwa zamu, eti kwa kuwa yeye ndiye anayeingia chumbani.

KONTENA NA MAKUTI

Nani aliamuru watu wa pwani walale ndani ya masanduku ya chuma? Vyumba vingi vya kupokea makontrakta katika miji ya miradi ni vya kontena, vinavyoletwa na meli na kupangwa juani kama kreti za soda. Saa nane mchana chuma kile huwezi kukigusa. Bila kiyoyozi ni tanuri, kwa hiyo kiyoyozi kinawaka mchana kutwa hata kama mgeni yuko kazini.

Wazee wetu walijua kujenga. Nenda Ibo utazame nyumba za mawe ya matumbawe zenye kuta nene, dari ndefu, na baraza inayokinga jua lisiguse ukuta. Makuti yakiezekwa vizuri chumba kinapumua. Simtaki mtu arudi kuvunja matumbawe hai baharini, wala kukata mikoko, maana mikoko nayo inashika hewa ya ukaa kwa wingi kwenye matope yake. Lakini matofali, paa lenye kivuli na nafasi ya hewa chini yake, madirisha yanayotazama kusi na kaskazi, haya hayahitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Na kuna faida ya pili ambayo meneja haihesabu: nyumba ya namna hiyo inajengwa na waashi na waezekaji wa hapa hapa. Kontena linashushwa na winchi.

JIKONI

Jikoni nitapita haraka, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa kila mmoja wetu analijua. Kutengeneza kilo moja ya mkaa katika tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Hoteli inayochoma samaki kwa mkaa kila jioni inakula msitu ambao mgeni hauoni. Na mpishi anakula moshi. Majiko banifu yapo, gesi ya mitungi ipo, na bomba la kutolea moshi ni bati tu lililokunjwa vizuri. Wenye kuku wa barafu waliosafiri baharini maelfu ya maili, huku mvuvi wa Palma anatafuta mnunuzi wa changu wake, wajieleze wenyewe.

KADI YA TAULO

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe kilichonifanya niandike.

Ukiingia chumba cha hoteli ya kisasa utakuta kadi ndogo ya kijani bafuni. Inamwambia mgeni kwamba akipenda kuokoa dunia, atundike taulo lake alitumie tena. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja, Jay Westerveld, aliandika kuhusu kadi kama hizo alizoziona katika hoteli moja ya kifahari huko Fiji, hoteli ambayo wakati huo huo ilikuwa ikipanua majengo yake kando ya matumbawe. Akabuni neno la Kiingereza ambalo sisi tungelisema kwa urahisi: kujipaka chokaa ya kijani. Taulo lisipofuliwa, maji na sabuni vinapona, ni kweli. Hata hivyo mfuko unaonenepa ni wa mwenye hoteli.

Kadi ya taulo ilizaa mtoto mkubwa zaidi. Mwaka 2009 kampuni ya Starwood, yenye hoteli za Sheraton na Westin, ilieneza mpango wa kumpa mgeni vocha au pointi akikubali chumba chake kisisafishwe kabisa. Mpango ukaitwa wa kuhifadhi mazingira. Nini kikatokea? Wahudumu wa vyumba walipungukiwa na siku za kazi, maana vyumba vya kusafisha vilipungua. Na chumba kilichokaa siku tatu nne bila kuguswa, siku mgeni anapoondoka, ni kazi ya watu wawili: bafu limeota ukungu, takataka zimejaa, zulia limeshika mchanga. Lakini mhudumu anahesabiwa chumba kimoja, dakika zile zile. Na kwa kuwa anasugua kwa nguvu zaidi, anatumia dawa kali zaidi na maji mengi zaidi. Mazingira yakapata nini hapo?

Wafanyakazi wa Marekani hawakunyamaza. Starwood ilinunuliwa na Marriott mwaka 2016, na mwaka 2018 wafanyakazi wa Marriott wapatao 7,700, wanachama wa UNITE HERE, waligoma katika miji minane. Mpango huo wa kijani ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao, pamoja na mishahara na usalama, na katika mikataba iliyofuata mgomo walipata kinga dhidi yake. Hawakusema wanapenda uchafuzi. Walisema msiokoe dunia kwa kuniondolea siku mbili za mshahara.

Tazameni sasa jinsi jambo hili linavyokwenda pande zote mbili. Baadhi ya hatua za kupunguza moshi zinaondoa kazi, kama ile ya kadi. Nyingine zinaongeza. Dobi akiacha mashine ya kukaushia na kuanika shuka kamba kwa kamba juani, umeme unapona sana, maana mashine ile ni mlafi. Lakini shuka lililolowa maji lina uzito, na kuna kuinua, kuanika, kuanua mvua ikitishia, na kupiga pasi zaidi. Mama mmoja dobi alinieleza kwamba tangu hoteli yao ilipouza mashine ya kukaushia, mgongo wake ndio uliokuwa mashine. Kazi ile ilihitaji mtu wa pili, na mtu wa pili hakuajiriwa. Akiba ya umeme ilikuwepo, imeandikwa vizuri kwenye ripoti ya mwaka. Mgongo wa mama haukuandikwa popote.

Ndiyo maana nasema kila hatua ya kijani inapitia kwenye mikono ya mtu. Kabla ya kuipigia makofi, kamati ya chama iulize: mikono ya nani, kwa saa ngapi, kwa malipo gani?

LAKINI ILE MELI JE?

Kuna ndugu aliyenishika shati mwisho wa mkutano akaniuliza swali ambalo haifai kulikimbia. Kiwanda cha Afungi kimepangwa kutoa tani milioni 13 za gesi iliyogeuzwa kimiminika kila mwaka. Sisi tunahangaika na lita za jenereta, na kule wanapakia meli nzima. Huku si kutwanga maji kinuni?

Hesabu ninayo. Tani moja ya gesi hiyo ikichomwa hutoa karibu tani 2.75 za hewa ya ukaa. Tani milioni 13 ni zaidi ya tani milioni 35 kwa mwaka. Nyumba yetu ya wageni ya mfano hutoa tani zipatazo 117 kwa mwaka. Zingehitajika nyumba kama hiyo karibu 300,000 kufikia mzigo wa gesi hiyo. Kwa hiyo anayemlaumu mhudumu wa Palma kwa kuacha taa ya ukumbini ikiwaka anafanya mzaha. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa za namna hii duniani. Gesi yetu itachomwa Asia na Ulaya, na deni la moshi huo ni la wanaouchoma na wanaouuza.

Walakini hesabu ya meli haifuti hesabu ya jenereta. Dizeli inayopunguzwa hotelini ni fedha inayobaki hapa, na swali la fedha inayobaki ni swali letu la kila siku. Moshi unaoondoka jikoni ni mapafu ya mpishi. Na iko siku mradi utakwisha au kusimama tena, kama ulivyosimama mwaka 2021. Hoteli yenye umeme wa jua na ukuta wenye kivuli itaweza kuendesha vyumba vyake kwa wageni wachache. Hoteli ya makontena na dizeli itafunga siku hiyo hiyo, na itafunga pamoja na ajira zake.

Wapo pia watakaosema hawana haja ya kupunguza chochote, watanunua tu vyeti vya kaboni kutoka kwa wanaopanda miti. Vyeti vingine ni vya kweli. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa iliyohifadhiwa tangu mwaka 2013, na fedha imeingia katika maji na shule za kijiji. Hongera kwao. Lakini cheti cha Gazi hakitoi moshi katika jiko la hoteli nyingine.

TUKAE NAO MEZANI

Wenzangu wa viwandani na mashambani, hapa hotelini mnaweza kujifunza na mnaweza kufundisha. Katika shamba la mkonge la Hale, mkoani Tanga, ambako Wamakonde wengi wa upande wetu waliwahi kwenda kama manamba, ulijengwa mtambo wa biogesi wa kilowati 150 wa kutumia mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa kuoza. Viwanda vya korosho vinachoma maganda yake kuchemshia maji. Mabaki ya jikoni ya hoteli nayo ni biogesi inayotupwa jalalani. Kila penye takataka nyingi pana swali la namna hii, na anayelijua jibu kwanza huwa ni yule anayebeba ndoo.

Katika Msumbiji tuna desturi ya kuzungumza juu ya uzalishaji wenyewe, wala hatungoji mshahara tu. Mabaraza ya Uzalishaji yalianzishwa viwandani mwaka 1976, na kutoka humo ikazaliwa OTM mwaka 1983. Tunaweza kuyasema mengi juu ya mapungufu ya miaka ile, lakini mfanyakazi alizoea kuuliza mashine inakula nini na inatoa nini. Sheria ya Kazi namba 13 ya mwaka 2023 inatambua mikataba ya pamoja kati ya chama na mwajiri. Haya ya moshi yanaweza kuandikwa humo kama yanavyoandikwa mambo ya sare na likizo.

Tawi linaloanza lianze na daftari. Daftari la jenereta linaloonyesha saa ya kuwasha, saa ya kuzima na lita zilizoingia, likisainiwa na fundi wa zamu na mjumbe wa kamati. Bila daftari hilo mwajiri atasema ameokoa sana au hakuokoa kitu, kwa kadiri inavyomfaa siku hiyo. Likiwepo la miezi mitatu, kamati inajua inazungumzia nini. Kisha idaiwe kwamba sehemu ya akiba irudi kwa wafanyakazi, kwa metikali na si kwa fulana zenye maandishi. Asipunguzwe mtu kazini kwa sababu ya hatua ya kijani, na anayehamishwa kutoka kazi moja kwenda nyingine asishushwe mshahara. Chumba kilichokaa siku mbili bila kusafishwa kihesabiwe vyumba viwili. Shuka zikianikwa juani, aongezwe dobi. Jikoni pawe na bomba la moshi na mapumziko ya maji wakati wa joto kali.

Mwajiri atasema hana fedha ya kuweka umeme wa jua. Pengine ni kweli, maana mtambo wa jua unadai fedha nyingi siku ya kwanza, na dizeli inadai kidogo kidogo kila siku bila kukoma. Mwambieni aweke saa ya kuzima viyoyozi vya vyumba vitupu, asafishe machujio kwa mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, apake paa rangi nyeupe, atafute jenereta ndogo ya usiku. Hizo hazihitaji mkopo wa benki. Katika mfano wetu wa lita 10 kwa saa, jenereta ndogo inayokula lita 4 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi inaokoa lita 36 kila usiku, yaani lita 1,080 kwa mwezi. Nendeni na tarakimu hiyo mezani, pamoja na bei ya kituo cha mafuta cha kwenu, na orodha ya madobi wangapi mnaodai.